Laki tatu za mkopo na mgodi mmoja wa makaa

Mpwa wangu yuko chuo Dodoma, na juzi kampuni yake imefilisika kwa mara ya pili ndani ya wiki moja. Alinitumia picha ya skrini saa sita kasoro usiku, na ujumbe mfupi: "Mjomba, mabasi kumi na nne na bado nakula hasara. Nakosea wapi?" Nikacheka peke yangu kama mwehu, maana mabasi ndiyo niliyoanza nayo na mimi.

Kampuni hiyo ni ya kwenye gemu la kompyuta, OpenTTD, ambalo unakopa hela, unajenga njia na kusafirisha watu na mizigo. Asili yake ni Transport Tycoon, kazi ya Mskoti anayeitwa Chris Sawyer, ambayo MicroProse waliitoa mwaka 1994, na mwaka uliofuata wakaleta ile iliyoboreshwa, Transport Tycoon Deluxe. Mwaka 2004 Msweden mmoja, Ludvig Strigeus, alikuwa ameshaichambua ile ya zamani kipande kwa kipande na kuiandika upya, akaiachia watu bure, watu wakaungana naye, na mpaka leo bado inaendelezwa. Huyo Strigeus ndiye pia aliyetuletea uTorrent, ile programu ya kushushia mafaili, kwa hiyo wengi wetu tulikula jasho lake kabla hatujalijua jina lake. Mimi naipenda kwa sababu moja ya kimaskini: kompyuta yangu ya dukani, ambayo mafaili mawili ya PDF yanaitoa kijasho, inalicheza gemu hili bila kulalamika. Nina kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Tabora. Asubuhi ni wanafunzi, mchana ni barua za kuomba kazi, jioni ni mimi na treni zangu.

Nitasema habari ya mwanzo tu, tangu Januari 1950 gemu linapofunguka hadi kama mwisho wa 1953. Mwaka mmoja wa humo ndani, ukiuacha utembee wenyewe, unamaliza kama dakika kumi na nne. Kwa hiyo yote haya yanaisha ndani ya saa moja. Ukishavuka hapo hela zinakuja zenyewe na shida inageuka kuwa nyingine kabisa, shida ya foleni na makutano ya reli. Tatizo ni kwamba wengi hawavuki.

Kwanza mabasi, kwa sababu sisi tumekulia kwenye daladala na akili inakimbilia huko. Unaona mji mkubwa kwenye ramani, unaweka kituo sokoni, unaweka kingine mwisho wa mji, unasubiri kujaza. Basi la mwanzo, MPS Regal, linabeba abiria 31 na linakwenda kilomita 56 kwa saa. Bei yake nafuu, barabara mji umeshajijengea. Nilinunua kumi, nikakunja mikono.

Lakini daladala inaishi kwa nauli. Ushuke kituo cha pili au cha tano, konda anataka ile ile, kwa hiyo watu wakipanda na kushuka sana ndipo siku inakuwa nzuri. Humu hakuna nauli. Unalipwa kiasi cha mzigo mara umbali, halafu unakatwa kidogo kidogo kwa kuchelewa. Umbali unahesabiwa kwa miraba, vile viboksi vinavyoigawa ramani. Kutoka sokoni hadi mwisho wa mji ni miraba saba, nane. Basi limejaa hadi mlangoni, linashusha watu wote 31, na juu yake inaruka namba ndogo ya kijani isiyofika hata paundi mia. Basi hilo hilo ukilipeleka mji wa jirani, miraba hamsini, namba hiyo inazidi mara sita. Mpwa wangu, mabasi yako kumi na nne hayana ubaya wowote. Unayazungusha tu mahali pamoja.

Nilipoacha mabasi nikahamia makaa ya mawe, ambayo karibu kila aliyelizoea gemu hili atakuelekeza, na hapo nako nikaanguka. Nilipata mgodi na kituo cha umeme vimepakana, miraba kumi na minane tu. Nikajipongeza. Reli fupi, gharama kidogo, hela inabaki. Ndivyo anavyofikiri mtu ambaye hajawahi kuwa na hela: cha karibu ndicho salama. Treni ikawa inakwenda na kurudi kama mtoto anayetumwa dukani, na kila ikifika inalipwa hela ya chumvi.

Ilinichukua muda kukaa chini na kikokotoo. Tani moja ya makaa, kwa umbali ule ule, inalipa karibu mara mbili ya abiria mmoja. Na makaa hayana haraka. Chukua kile kichwa cha treni cha zamani, Kirby Paul Tank, chenye mwendo wa kilomita 64 kwa saa na nguvu farasi 300. Miraba mia moja kinaimaliza kwa mwezi mmoja na nusu hivi, na pamoja na uzito wote huo wa mwendo, malipo yanapungua kwa chini ya asilimia 5. Yaani umbali unakuongezea hela na uchelewaji karibu hauzipunguzi. Miraba kumi na minane ilikuwa ni kujinyima kwa makusudi. Siku hizi nikianza natafuta mgodi na kituo cha umeme vilivyoachana miraba themanini hadi mia na ishirini. Zaidi ya hapo, mwaka 1950, reli inakula mkopo wote na treni ya kwanza inachelewa kurudi na hela wakati wewe umeshakauka.

Jambo moja linalowachanganya wengi: umbali huo ni wa stesheni hadi stesheni, miraba ya upande mmoja ukijumlisha na ya upande wa pili. Urefu wa reli uliyolaza hauhusiki. Ukiizungusha njia ili ulipwe zaidi, hulipwi zaidi, unachelewa tu. Dereva wa bajaji anayemzungusha mgeni hapa mjini angepata shida sana humu.

Sasa deni. Hapa ndipo nilipopoteza muda kuliko pote.

Gemu linakufungulia ukiwa na paundi 100,000, na ukifungua dirisha la fedha unagundua zote ni za kukopa. Pembeni kuna kitufe cha kukopa zaidi, elfu kumi kumi, hadi ufike 300,000. Mimi kile kitufe nilikuwa nakiogopa kweli. Mtaani kwetu kuna mama alichukua kausha damu ya laki tatu kuongezea mtaji wa vitenge. Marejesho kila siku jioni, hakuna cha mvua wala msiba. Alipougua wiki mbili wakaja vijana wawili na guta, wakabeba kochi, televisheni na jiko la gesi, na mtungi wake. Nilikuwepo, nilisaidia kumshikia mtoto. Kwa hiyo unaweza kufikiria: treni yangu ikiingiza elfu kumi, narudisha elfu kumi. Ikiingiza ishirini, narudisha ishirini. Kufika 1955 nilikuwa sidaiwi hata senti, na nilikuwa na treni mbili. Kampuni pinzani, inayoendeshwa na kompyuta, ilikuwa imeshasambaa ramani nzima kama magugu.

Riba ya gemu hili, ukiacha mipangilio ilivyo, ni asilimia 2 kwa mwaka. Soma tena. Zile laki mbili za ziada nilizokuwa naziogopa zinakugharimu paundi 4,000 kwa mwaka mzima. Treni yenye mabehewa tisa inabeba tani 180, na tani 180 kwa miraba mia moja zinalipa zaidi ya 12,000 kwa safari moja. Safari moja tu, umemaliza riba ya miaka mitatu. Kulinganisha hilo na kausha damu ni kuwatukana waliobebewa makochi. Siku hizi nabonyeza kile kitufe hadi kigome, kabla hata sijaangalia ramani, na silipi hadi siku nitakapokosa pa kuziweka hela. Kutodaiwa kunakuongezea alama 50 kati ya 1,000 kwenye tathmini ya kampuni. Alama 50 zinaweza kusubiri.

Kitu cha pili, nabonyeza F1. Saa inasimama. Kwa mipangilio ya kawaida huruhusiwi kujenga saa ikiwa imesimama, ila kuangalia hakuna anayekukataza. Nafungua orodha ya migodi na viwanda, naipanga kwa uzalishaji, natafuta mgodi unaotoa walau tani 130 kwa mwezi. Kuna wakati nilikuwa nachagua mgodi kwa sababu tu umekaa mahali pazuri, tambarare, hauna milima wala mito. Unajenga reli ya kifahari, unakuta mgodi wenyewe unatoa tani sitini.

Mzee wangu alipolisikia hilo akaguna. Alistaafu reli, kazi yake ilikuwa hapa hapa yadi ya Tabora, kufunga na kufungua mabehewa, usiku na mchana, na hadi leo honi ikilia ananyamaza katikati ya maneno, anasikiliza, kisha anakwambia ni ya mizigo au ya abiria. Akanikumbusha reli ya karanga. Baada ya vita vya pili Waingereza walikuja na mpango wao mkubwa wa karanga, wakachagua Kongwa, Nachingwea, na Urambo hapa jirani yetu. Kwa ajili ya Nachingwea wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuipandisha nchi. Karanga zikakataa, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na mapema miaka ya 1960 reli ile ikang'olewa. "Walilaza mataruma kwa ajili ya karanga ambazo hazijaota," mzee akasema. Sasa kabla ya kujenga kokote huwa natazama tani za mwezi uliopita, na namkumbuka.

Ujenzi wenyewe sina mengi ya kusema. Fuata bonde. Kuchonga mlima ni ghali mno mwaka wa kwanza, handaki ndiyo usiseme, na kupanda mlima na mabehewa tisa yaliyojaa kwa kichwa cha farasi 300 ni kuaibishana. Treni inapanda kwa mwendo wa bibi anayetoka kuteka maji. Ndiyo maana hela ya mkopo ikiruhusu sinunui Kirby Paul Tank, nachukua Chaney Jubilee, farasi 1,000, kilomita 112 kwa saa. Jukwaa la stesheni nalifanya refu la miraba mitano, ambalo linatosha kichwa kimoja na mabehewa tisa barabara. Na usiende kukata miti ovyo karibu na miji. Nilifyeka msitu mzima nikinyoosha reli, nikaja kuomba kujenga stesheni pale mjini, halmashauri yao ikanikatalia katakata. Ikabidi nianze kupanda miche mmoja mmoja kama siku ya kitaifa ya kupanda miti, hadi wakanisamehe.

Idadi ya treni ndiyo ninayotaka kuizungumzia kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo mkopo unapochomwa bure. Treni ya kwanza ikishaleta hela, mkono unawasha kununua ya pili, ya tatu, ya nne. Nilifika tano kwa mgodi mmoja. Nikaenda kumhudumia dada mmoja aliyekuwa na kopi za vyeti, kurudi nakuta treni nne zimepanga foleni nje ya mgodi kama daladala zinasubiri zamu stendi, na iliyo jukwaani imejaza behewa mbili.

Hesabu yake ni hii. Mgodi unatoa tani 130 kwa mwezi. Huzipati zote, unapewa kwa kadiri stesheni yako inavyosifika, na stesheni inayohudumiwa vizuri inapata kama asilimia 65. Hizo ni tani 84, 85. Treni yako inataka 180. Kwa hiyo kuijaza ni miezi miwili na siku kadhaa. Jubilee inakwenda miraba mia moja kwa siku 25 hivi, na kurudi 25. Maana yake treni iliyoondoka inafika, inashusha, inarudi, na inakuta mwenzake bado anajaza. Mbili zinatosha. Ya tatu ni pambo, hadi mgodi utakapokua.

Na mgodi unakua, ukiutunza. Sifa ya stesheni inapanda kila treni inapokuwa jukwaani ikipakia, inashuka mzigo ukikaa muda mrefu bila kuchukuliwa. Ndiyo maana treni zote mbili nazipa amri ya kutoondoka hadi zijae: wakati wowote kuna moja jukwaani. Ukibeba zaidi ya asilimia 60 ya kinachozalishwa, uwezekano wa mgodi kuongeza uzalishaji unakuwa mkubwa kuliko wa kupunguza. Nimeona mgodi wa tani 130 ukifika 200 na ushei kabla ya 1954, na hapo ndipo treni ya tatu inapata kazi. Jambo dogo la kuongezea: stesheni ukishaijenga utaikuta kavu, hakuna hata kilo. Usiogope ukadhani umekosea. Mzigo hauanzi kuletwa hadi treni ya kwanza ifike kuuchukua.

Treni mbili, njia moja. Hapo likaja tatizo ambalo mzee aliliona kabla yangu.

Ilikuwa siku aliyokuja kuchajisha simu, umeme umekatika kwake. Alinikuta nimekodoa macho. Treni mbili zilikuwa zimesimama katikati ya reli, pua kwa pua, kila moja mbele ya taa nyekundu. Nilikuwa nimepanda taa kila baada ya miraba kumi, nikiamini taa nyingi ndiyo usalama mwingi. Tukaziangalia. Baada ya muda ile iliyojaa ikachoka kusubiri, ikageuka, ikaanza kurudi mgodini na tani zake 180.

Mzee akavaa miwani. "Hizi zinapishania wapi?"

"Hazipishani, baba. Ni njia moja."

"Na ya kwetu si njia moja?" Akaanza kuhesabu vidoleni, Igalula, Goweko, Malongwe, kila mahali treni inapoingia pembeni kumngoja mwenzake. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na kwa miaka yote hiyo imeishi kwa kupishana stesheni. Mtoto wa yadi nimekulia kando ya hiyo reli, na nilikuwa nimejenga kitu ambacho mfagizi wa stesheni angekicheka.

Nikang'oa taa zote. Katikati ya njia nikalaza reli ya pili pembeni ya ya kwanza, ndefu kuliko treni, inatoka na kurudi. Taa nikaweka mwisho wa kila upande wa hiyo njia ya kupishana, zikitazama ndani, basi. Sheria ni nyepesi ukishaelezwa: taa inakaa mahali ambapo treni ikisimama kusubiri haimzibii mtu. Mahali pengine popote ni mtego. Pale katikati nikapaita Malongwe, kwa heshima yake. Akatazama treni tupu ikiingia pembeni, iliyojaa ikapita, tupu ikatoka. Akatikisa kichwa kuridhika. Halafu akauliza, "Hiyo ikishusha makaa, inarudi na nini?"

"Inarudi tupu."

"Tupu? Safari yote hiyo?"

Nikamwambia ni gemu tu, baba. Akachomoa simu yake na kuondoka, na niliona hakuridhika.

Kabla sijamaliza habari ya mzee, najua kuna mtu ameshaanza kusema: kwa nini usianze na ndege? Kweli. Ukichukua miji miwili mikubwa iliyo kona mbili za ramani, ukaweka viwanja vidogo viwili na ndege moja ya propela, utanipita mimi na makaa yangu kabla mwaka haujaisha. Hakuna reli ya kulaza, hakuna mlima, hakuna kupishana. Nimeshacheza hivyo mara mbili. Ni kama kucheza bao na mtu ambaye hajui kutakata. Nilikuwa na hela nyingi na sina la kufanya, nikalizima, nikaenda kupanga rimu za karatasi. Malori nayo yana wakati wake. Balogh linabeba tani 20 kama behewa moja, barabara ni rahisi kuliko reli, na ukiwa umebaki na hela kidogo sana linaweza kukuokoa. Ila yakifika kumi na tano kwenye kituo kimoja, foleni yake utaiona Mbezi.

Jumamosi iliyopita mzee akaja tena, safari hii simu yake imejaa chaji. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa na ramani mpya, mwaka 1952, treni mbili za Jubilee, mgodi kusini, kituo cha umeme kaskazini, miraba tisini na sita, na Malongwe yangu katikati. Hela mkononi elfu thelathini na moja, deni limejaa hadi juu. Kila kitu kama nilivyoeleza hapa.

"Bado inarudi tupu?"

Nikamweleza vizuri, kwa adabu, kwamba behewa la makaa humu linabeba makaa tu. Haliwezi kubeba unga, haliwezi kubeba watu, hata ng'ombe. Ikishusha haina cha kupakia.

"Basi tafuta makaa ya kurudi nayo."

Akaomba nimwonyeshe ramani yote. Nikaifungua. Akachukua kalamu ya Bic iliyofungwa kwa kamba pale mezani, ya kujazia fomu, akaisogeza taratibu juu ya skrini bila kuigusa. Akasimama kaskazini. Karibu na kituo changu cha umeme, kama miraba kumi na tano mashariki, kulikuwa na mgodi mwingine wa makaa. Nilikuwa nimeuona na kuudharau, kwa sababu uko karibu mno na kituo. Ningelipwa hela ya chumvi. Kisha akashuka na kalamu hadi kusini. Nyuma ya mgodi wangu wa kwanza, ng'ambo ya mto mdogo, kulikuwa na kituo kingine cha umeme.

Nilinyamaza kabisa. Treni inapakia kusini, inashusha kaskazini, inasogea miraba kumi na tano, inapakia tena, inarudi kusini imejaa, inashusha ng'ambo ya mto. Mabehewa yale yale, njia ile ile, Malongwe ile ile. Nimecheza ramani za aina hii zaidi ya mwaka mmoja na sijawahi kuitazama moja kwa macho ya mtu anayechukia behewa tupu.

Nikaanza kuvuta reli kwa mausi kuona gharama. Daraja, vipande viwili vya njia, stesheni mbili. Elfu hamsini hivi.

"Zinapungua elfu kumi na tisa," nikasema.

"Kopa."

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuchukua hata soda kwa mangi kwa daftari. "Tumeshakopa, baba. Zote laki tatu."

Akanitazama juu ya miwani. "Zote?"

"Zote."

Akatafakari. Kwenye skrini Jubilee ya kwanza ilikuwa imetoka Malongwe na tani 180, inapanda kile kilima cha mwisho, mwendo umeshuka hadi kilomita thelathini na kitu. Ya pili ilikuwa mgodini, imejaa robo tatu. Nikapiga hesabu: hii ikifika, na ile nyingine ikifika, tunavuka hamsini. Mzee akavuta kiti karibu. Mlangoni akatokea mama mmoja ameshika kitambulisho cha NIDA, anataka kopi mbili, mbele na nyuma.

"Karibu mama," mzee akamwambia bila kugeuka. "Subiri kidogo, treni inaingia."